Re: Re: Pasi mpya haisomi kwenye eVisa (na barua ya MP wa chama changu)

MamaWawili, Leicester – Jumapili 30 Novemba 2025

Habari zenu wana jukwaa, naomba msaada, na mnisamehe kwa urefu. Nimebadilisha pasi mwezi wa nane, nikaingia kwenye akaunti ya eVisa, yaani kibali cha ukaazi cha mtandaoni, nikaweka namba mpya, ikaandika imepokelewa, nikajua yamekwisha. Mwezi wa kumi mwanzoni narudi kutoka Dar kwenye arobaini ya baba, yule binti wa kaunta ya ndege anabonyeza weee, anaangalia pasi, ananiangalia mimi, mwisho ananiambia mama, huna ruhusa ya kuingia Uingereza. Namba iliyopo kwenye mfumo ni ya pasi ya zamani, na hiyo pasi iko Leicester kwenye droo ya jikoni chini ya machaja. Nimesimama pale saa nzima na share code yangu (namba ya kuonesha kibali changu) inayoanza na S, intaneti yenyewe ya kuombaomba kwa mtoto wa watu, mpaka supavaiza akapiga simu sijui wapi nikapanda wa mwisho kabisa. Na mpaka naandika hapa haijabadilika. Mnafanyaje?

Lakini kilichoniuma ni kingine. Nilienda ofisi ya MP wangu wa Labour. Wengi humu mnajua mimi ni Labour, 2024 nilikuwa natoka shifti ya usiku naunganisha moja kwa moja kugonga milango, na tarehe 4 Julai nikapiga kura maana sisi wa Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa. Jibu limekuja kwa barua. Aya ya kwanza pole. Aya ya pili, ya tatu na ya nne ni jinsi serikali inavyorudisha udhibiti wa uhamiaji na kwamba ILR, yaani ruhusa ya kuishi huku moja kwa moja, ni kitu cha kukifanyia kazi. Mimi nimeuliza namba ya pasi! Na jina wamelikosea, wameandika la kwanza mwisho na la mwisho hawakuandika kabisa.

Jumatano kuna kikao cha tawi, nimeshapeleka hoja. Nataka niseme ukweli bila watu kuona nimehama chama. Ushauri?

Kaka_Boksi, Reading

Pole na msiba dada. Hiyo pasi kuna fomu ya kuripoti kosa la eVisa, usichanganye na ile ya kubadilisha taarifa, ni vitu viwili. Mimi BRP yangu, ile kadi ya ukaazi, iliisha 31 Desemba 2024 kama za watu wengi na nikakaa wiki nzima bosi anataka share code mpya, nampa inayoanza na R, anasema hii ya mwenye nyumba nipe ya kazi, ya W, jamani nilitaka kulia. Hapo ndipo nilipojifunza. Kuhusu chama, wewe toka tu. Labour ndio waliotuzuia kuleta wake zetu.

NesiMstaarabu

Kaka Boksi acha kupotosha watu. Kuzuia wategemezi wa care worker, watunza wazee na wagonjwa, ilianza 11 Machi 2024, hao ni Tori, chama cha Conservative. Labour wao walifunga kuajiri care worker kutoka nje, 22 Julai 2025. Kama mnalaumu, laumuni kwa tarehe.

Na fomu ya kosa ni kama kosa ni lao. Hapa taarifa kaibadilisha mwenyewe, kwa hiyo sidhani.

Kaka_Boksi

Sawa nesi, asante kwa somo. Mke wangu bado yuko Morogoro, tarehe haimleti.

Zuhura wa Usiku, Cardiff

Mimi naomba mtu aniambie hiyo ILR sasa ni miaka mingapi maana kila grupu ya WhatsApp ina namba yake, kuna mmoja kasema kumi, kuna kumi na tano, kuna ishirini. Juzi meneja kaniuliza mimi, eti wewe si ndio unafuatilia.

NesiMstaarabu

Zote ni kweli inategemea nani. Kumi ndio ya kawaida kwenye mapendekezo ya 20 Novemba. Kumi na tano ni kazi zilizo chini ya RQF6 (kiwango cha digrii), yaani care worker yuko humo. Ishirini ni wakimbizi. Mwenye mshahara wa £125,140 anapunguziwa miaka saba, sasa hesabu mwenyewe ni care worker gani huyo. Lakini BADO NI MAPENDEKEZO, maoni yanapokelewa mpaka 12 Februari 2026. Msitishane.

MamaWawili

Nesi ahsante, ila hapo kwenye "msitishane" ndipo ninapogomea. Nimeingia Juni 2022, kwa miaka mitano nilikuwa naomba Juni 2027. Kwa kumi na tano ni 2037. Na wanataka ituguse hata sisi tuliokwishafika. Nilikuja kwa mkataba wa miaka mitano, sikuja kwa mapendekezo. Kama ni Tori ningetukana nikalala. Hawa ni wangu, nimewabebea makaratasi mvuani, nimewaambia bibi wa namba 14 na mzee wa namba 20 kwamba hawa ni watu wa haki. Sasa nikikutana nao dukani nawaambiaje? Ile hotuba ya Starmer ya Mei, ya nchi kuwa kisiwa cha wageni, yule bibi ndiye aliyenionesha kwenye gazeti. Mheshimiwa baadaye akasema anajuta kutumia maneno yale. Kujuta sawa, mbona sera iko palepale?

Wana mazuri yao na Jumatano nitayataja. Lakini sitayataja kwanza ili niruhusiwe kusema mabaya.

Mzee wa Bandarini

Wanangu, hamjambo. Mimi niko nchi hii tangu 1979 na Labour nimeipigia kura kila mara, kwa hiyo nina haki ya kuisema. Mnashangaa nini? 1968 nilikuwa kijana Mombasa, nikiona Wahindi wanafunga maduka wanakimbilia ndege. Walikuwa na pasi za Uingereza mkononi. Serikali ya Wilson, Labour hiyohiyo, ikapitisha sheria bungeni kwa siku kama tatu hivi kwamba asiye na mzazi au babu aliyezaliwa huku mlango umefungwa. Pasi ya Uingereza isiyokuingiza Uingereza! Mama Wawili, wewe wa pasi haisomi una wenzako wa zamani.

Na 1972 Amin alipowafukuza wa Uganda, waliowapokea zaidi ya 27,000 ni serikali ya Heath, Tori. Na Leicester yenu hiyo, halmashauri ilitia tangazo kwenye Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja. Leo mnanunua wapi mchele?

Chama si mama yako kwamba ukimsema unalaaniwa.

Zuhura wa Usiku

Shikamoo Mzee. Hiyo ya tangazo sikuijua kabisa.

Mkenya_Luton

Shikamoo Mzee. Dadangu Mama Wawili nakuelewa sana. Mimi ni ODM damu, chama cha Raila huko Kenya, na nitasema kitu hapa ambacho kwa grupu ya nyumbani siwezi. 25 Juni 2024 vijana wameuawa nje ya Bunge, na kabla Agosti kuisha watu wetu wako kwa kabineti, Mbadi Hazina, Joho huko kwa madini. Nilinyamaza. Nikajiambia Baba Raila anajua anachofanya. Mwezi jana ameenda, Mungu amlaze pema, na bado sijasema, sasa hata nikisema inaonekana namsema marehemu. Ungejua vile hiyo kitu inakaa kwa kifua. Wewe sema Jumatano, usingoje.

Chipukizi wa Zamani

Angalau nyie Wakenya 2022 mlipigia kura hapa London. Mimi Mtanzania kura ya nyumbani nikiwa huku sina, ya Starmer ninayo. Kichekesho.

CCM ni yangu tangu chipukizi, skafu ninayo mpaka leo. Lakini 29 Oktoba intaneti imezimwa, siku tano sijasikia sauti ya mama, halafu inakuja kurudi naona matokeo asilimia 97.66. Nilikuwa kwenye breki kazini nakula wali baridi nikauweka chini. Nimeandika ujumbe kwa katibu wetu wa tawi la huku, mistari minne tu ya adabu kabisa. Nimetolewa kwenye grupu. Hata "nimepokea" hakuandika.

Msimamizi

Jamani turudi kwenye mada. Siasa za nyumbani zina uzi wake. Na anayeuza mapipa ya kusafirisha mizigo aache kunitumia inbox.

MamaWawili – Alhamisi 4 Desemba

Ahsanteni. Nimesoma hoja jana. Tulikuwa kumi na mmoja na mbwa wa mwenyekiti. Nilitetemeka mikono mpaka karatasi inapiga kelele. Mmoja akasema tusiwape silaha Reform, wale wapinga uhamiaji. Nikamjibu silaha wanayo kwenye ile hotuba ya Mei, si kwangu. Saba wamekubali, wawili wamekataa, mmoja hakupiga, nami wa kumi na moja hawakunihesabu maana ndiye niliyeleta, sijui kama ndio kanuni au vipi. Hoja inapanda juu. Yule diwani wetu alinishika bega akasema umesema vizuri sana, kisha yeye ndiye yule ambaye hakupiga.

Leo asubuhi nimepata meseji kama Jumamosi napatikana kugawa vipeperushi. Viko kwenye buti la gari, boksi zima, havijafunguliwa. Sijajibu.

Kaka_Boksi

Safi dada. Hivi ile namba ya pasi uliiweka kwa simu au kwa laptop?