Lenzi za matbaa kwa picha za mandhari, Apo-Ronar 300 au G-Claron 240?

Korosho_4x5:
Wakuu habari zenu, nipo Newala, kamera yangu ni ile kubwa ya mbao ya filamu za inchi 4x5. Natafuta lenzi ya mandhari hasa pale Shimo la Mungu ukitazama bonde la Ruvuma. Nimepata mbili zote zilitoka matbaani, Apo-Ronar 300 f/9 (300 ni urefu wa fokasi kwa milimita, f ni tundu la mwanga, namba ikikua tundu linabana) haina shata, yaani kile kifaa cha kufungua na kufunga mwanga kwa muda uliopimwa, bei ya kutupa, na G-Claron 240 f/9 ipo kwenye shata ya aina ya Copal 1 ila jamaa anataka karibu mara tatu. Sasa kuna mtu kanitisha eti hizo ni za kupigia makaratasi, vitu vya mbali zinatoa uji. Nichukue ipi??

Babu_Kiza:
Kakutisha bure. Kweli zilipigiwa hesabu za saizi kwa saizi, karatasi na picha yake vilingane, ndo maana ukipiga mbali kwa f/9 kingo zinalegea kidogo. Ila nani anapiga mandhari kwa f/9? Hiyo ya kufokasia tu, funga tundu mpaka f/22 utasahau kama ilikuwa ya matbaa. Na hiyo Apo maana yake nyekundu, kijani na bluu zinatua sehemu moja, wale walikuwa wanatenganisha rangi kwa ajili ya kuchapa hawakuwa na mchezo. Ronar yangu nimepiga nayo mji wa Lindi kutokea Kitunda, minazi ya ng'ambo unahesabu makuti. Chukua ya bei rahisi.

Msongo_wa_Kilwa:
Babu ni kweli ila umeruka shata. Jua la saa nne, filamu ya ISO 100, f/32 inataka kama 1/25 ya sekunde, kwa kufungua na kufunga kofia ya lenzi kwa mkono hiyo labda uwe jini 😂 Mpaka uweke filta nyeusi ya stopu 6 (kila stopu inakata mwanga nusu) ndo unafika sekunde mbili na nusu hivi, na kusi ikivuma huko juu mikorosho yote inacheza.
Halafu 240 ina nafasi. Duara lake la picha, yaani eneo ambalo lenzi inalifunika pale kwenye filamu, linakaribia milimita 300 kwa f/22 wakati 4x5 inataka kama 160, pale Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani napandisha lenzi bila kuinamisha kamera kuta zinabaki wima. Ronar nayo inafunika 4x5 vizuri tu sikatai, ila 300 kwenye magofu inabana, unarudi nyuma mpaka ukuta unakwambia basi.

Korosho_4x5:
Babu shikamoo. Mvukuto wangu (ule mfuko wa kukunja kati ya lenzi na filamu) unaishia sentimita 33, hiyo 300 itakaa kweli?

Babu_Kiza:
Marahaba. Ungesema mapema mwanangu. Kwa mbali kabisa 300 inataka sentimita 30 hivi, itakaa. Ila jiwe la mita moja na nusu mbele yako linataka 37 na nusu, hutoboi. 240 kwa jiwe hilohilo ni kama 29. Basi nabadili kauli, chukua Claron. Kabla ya kutoa hela mulika tochi ndani, ukiona kama utando wa buibui hiyo kuvu, unyevu wa huku inaupenda sana.

Korosho_4x5:
Nimetoka kumulika, Claron safi. Ronar ina utando pembeni.

Msongo_wa_Kilwa:
Sikiliza na shata kwenye sekunde 1, ikisuasua mwambie ashushe bei maana utalipia fundi.