Mama kachunika ngozi baada ya Septrin akiwa wodini, nidai nini kabla hajaruhusiwa?

Binti_Kilosa: Wakuu habari za usiku. Mama amelazwa, Septrin alianzishiwa humo humo wodini. Wiki ya pili ikaja homa, macho mekundu, midomo ikachanika, kisha malengelenge kifuani. Ngozi ukiigusa inachunika. Daktari akasema ni Stevens-Johnson, yaani mwili kuikataa dawa vibaya hadi ngozi inachunika, dawa ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Sasa ana nafuu, anakunywa uji kwa mrija. Ila kwenye faili wameandika "mzio wa dawa" tu, jina la dawa halipo! Nifanyeje?

mwana_haki: Pole. Washtaki hao, wamempa sumu.

Mfamasia_wa_Zamu: Pole sana dada. Mkuu hapo juu, taratibu. Septrin iliyotolewa kwa usahihi kabisa inaweza kumfanyia mtu hivi. Kosa ni kumrudishia. Ndiyo maana jina la dawa lazima liandikwe leo, usingoje siku ya kuruhusiwa. Juu ya jalada, wino mwekundu: dawa, tarehe aliyoanza, tarehe dalili zilipotokea, na kilichompata. "Mzio" peke yake hakumsaidii daktari atakayempokea mwakani. Jambo la pili watu hawalijui: SP, ile ya malaria wanayomeza wajawazito kliniki, nayo ina salfa kama Septrin. Asiimeze tena maisha yake yote. Kwenye chati kulikuwa na dawa nyingine mpya?

Binti_Kilosa: Kuna sindano za ceftriaxone, zilianza pamoja na Septrin.

Mfamasia_wa_Zamu: Nayo iandikwe, Septrin ikiwa mshukiwa wa kwanza. Hali hii mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianze, kwa hiyo chochote kilichoanza kipindi hicho kitajwe. Uliza pia kama wamejaza fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa), ya kuripoti madhara ya dawa. Hata ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kuripoti.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, macho! Ngozi inapona, kovu la jicho linabaki. Daktari wa macho amwone kabla hajatoka. Asubuhi kope zikishikana msizibandue, mwiteni nesi azilowanishe kwanza.

Binti_Kilosa: Shikamoo mama, asante. Nimeongea na sista wa zamu, jalada limeandikwa dawa zote mbili mbele yangu. Wa macho anakuja kesho. Fomu wanasema imeisha, nitaripoti mwenyewe.

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Nakala ya maandishi hayo ikae pamoja na kadi yake ya bima.