Mrejesho: eneo la kupumzikia kando ya Ziwa Singidani

Wakuu, habari zenu. Mtakumbuka niliomba ushauri namna ya kuwashirikisha wakazi wa mtaa wetu hapa Singida kufufua eneo la kupumzikia kando ya ziwa, lililokuwa limegeuka jalala. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Ushauri wa kuanzia mkutano wa hadhara wa mtaa ndio uliofungua njia. Kina mama wanaokaanga samaki walisema wazi: kwanza kivuli, na mapipa ya taka yakae karibu na meza zao. Tukaanza na hayo. Aliyetukumbusha Sheria ya Mazingira ya 2004 ametuokoa: ndani ya mita 60 kutoka ukingoni hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Banda la zege tukaliacha, tukaweka mabenchi ya mbao ya kuhamishika.

Miti ndiyo imetuangusha. Miche ya miembe ya karibu na ziwa ilikauka, maji yale yana chumvi. Ya juu mbuzi wakaimaliza. Mivinje na miarobaini tuliyoizungushia miiba inakwenda vizuri, na vijana wa bodaboda wanaimwagilia kwa zamu, maji ya bomba. Choo bado, tunatafuta kiwanja nje ya hizo mita 60.