Ushauri: nataka kwenda China kusoma falsafa, nianzie wapi?

Kichwa_Ngumu:
Wakuu, salaam. Nina digrii ya falsafa, kwa sasa nafundisha sekondari ya binafsi, mshahara unaingia ukijisikia. Nataka masta ya falsafa ya Kichina, hukohuko kwa wenyewe. Kichina changu ni "nihao" na "xiexie" basi. Mzee nyumbani ananiuliza: wenzio wanaenda China kufuata makontena, wewe unafuata mawazo? Mliopita huko nipeni ukweli.

Mzigo_Bandarini:
Mzee wako apewe maua yake 😂

Dada_Mkubwa_SH:
Achana na wa makontena. Fudan, hapa Shanghai, wana masta ya falsafa ya Kichina inayofundishwa kwa Kiingereza. Ukitaka kusoma kwa Kichina pamoja na wenyeji, vyuo vingi vitakudai HSK 5 (daraja la tano la mtihani wa Kichina kwa wageni), kwa hiyo unaanza na darasa la lugha. Ufadhili wa serikali yao, CSC, unabeba ada, bweni na yuan 3,000 kwa mwezi kwa mtu wa masta, na masomo ya lugha pia. Uwe chini ya miaka 35.

Ila HSK isikupe kiburi. Mimi niliingia darasani natamba na HSK 5 yangu. Mwalimu akaandika ubaoni mstari wa kwanza wa Laozi, kitabu cha kale cha falsafa yao: dao ke dao, fei chang dao. Herufi sita, tatu kati yake ni dao ileile! Ya kwanza na ya mwisho ni "njia", ya pili ni kitenzi, "kusema". Halafu "feichang", ambayo sokoni unaisikia kutwa ikimaanisha "sana", kwenye Kichina cha kale ni maneno mawili: "si" na "ya kudumu". Mimi nikatafsiri "dao sana". Darasa likaangua kicheko; wenzangu Kichina cha kale walikisoma tangu sekondari. Kinaitwa wenyanwen, na ndicho kitakachokutoa jasho, si baridi.

Babu_Kobe:
Kijana, chagua tawi kwanza. Kule kuna falsafa ya Kichina, ya kigeni, ya Marx, mantiki, maadili, na mengine. Kama kiu yako ni Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, sioni sababu ya kupanda ndege kwenda Beijing. Na kwenye andiko lako, tafadhali, usilete "Confucius na Ubuntu". Tumechoka. Chukua kitu kidogo: Mengzi, mwanafalsafa wao wa kale, anasema yeyote amwonaye mtoto anakaribia kutumbukia kisimani hushtuka moyoni. Uliza mshtuko huo unatoka wapi, ukae hapo.

Kichwa_Ngumu:
Shikamoo mzee. Nabaki na tawi la Kichina, na huyo mtoto wa kisimani nimemchukua. Dada, lugha naanzia Taasisi ya Confucius pale UDSM. Maombi lini?

Dada_Mkubwa_SH:
Mengi ni kati ya Januari na Aprili. Barua za maprofesa ziombe leo, hao ndio watakuchelewesha.

Kichwa_Ngumu:
Poa. Nimemsomea mzee ule mstari wa Laozi. Kauliza dao moja ni shilingi ngapi kwa jumla.