Gereji imekata boneti ya Chevelle yangu ya 1970 bila kupima, halafu inataka nilipe tena

Wakuu, nimetoka gereji saa hizi hapa Houston na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Naomba mnisikilize, hasa nyie wenye magari ya zamani huku Marekani.

Gari ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970. Nimelihangaikia miaka minne. Lilikuja na injini ya inchi za ujazo 307, nikaitoa, nikaweka V8 (silinda nane) ya 350, yaani lita 5.7, na manifoldi ndefu zaidi, lile bomba la kugawa hewa na mafuta kwenye silinda ambalo kabureta inakaa juu yake. Manifoldi ile ikanyanyua kabureta, chujio la hewa likaanza kugusa boneti kwa ndani. Kwa hiyo nikaipeleka gereji wakate boneti na kuweka skupu, yaani kinundu chenye mdomo wa hewa kinachokaa juu ya tundu la boneti. Kwangu haikuwa urembo, bila hiyo boneti haifungi.

Nilichagua ya chuma, yenye mdomo unaotazama nyuma. Chevrolet wenyewe walifanya hivyo mwaka ule kwenye SS, toleo la Chevelle lenye nguvu zaidi: ukiagiza, boneti inakuja na kifuniko upande wa kioo cha mbele, kinafunguka ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Upepo unaopita juu ya boneti unagonga kioo na kujazana pale chini, presha inapanda, ndiyo maana hewa inaingia hata kama mdomo umegeukia nyuma. Na ni hewa ya baridi, si ile iliyokwisha kuchemshwa na rejeta. Hewa baridi ni nzito, injini inapumua vizuri.

Sasa sikieni. Kabureta kwenye hili gari haikai katikati. Nilipima mwenyewe: imesogea inchi moja upande wa abiria. Nikaweka vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya chujio, nikashusha boneti taratibu, nikainua, nikapima unene wa udongo uliobaki. Nikaandika vipimo vyote kwenye karatasi, nikachora na mstari kwa tepu juu ya boneti. Karatasi nikamkabidhi fundi mkononi.

Wamebandua tepu. Wamechukua katikati ya boneti, wakapitisha grenda.

Tundu limekaa inchi nzima upande wa dereva kuliko linavyotakiwa. Mwenye V8 anajua: ukivuta mafuta injini inajipinda kwenye mipira inayoishikilia, upande wa dereva unanyanyuka, kila kilicho juu kinalalia upande wa abiria. Yaani inalalia kulekule ambako wameninyima nafasi. Kila nikiondoka kwenye taa nasikia chuma kinakwaruza chuma. Ukingo wa chujio umeshachubuka rangi, na vumbi la chuma limelala juu ya manifoldi. Vumbi hilo likiingia kwenye kabureta, nani atanilipia silinda?

Hata hilo ningelivumilia. Ila wamekata na ubavu wa ndani wa boneti, ule mhimili unaoishikilia isicheze, wakauacha wazi, hawakuunganisha chochote. Nikifika maili 60 kwa saa boneti inapiga mawimbi mbele ya macho yangu. Na kuchomelea kwenyewe, wamevuta moto mfululizo kuzunguka skupu nzima. Bati jembamba hivi unachomea nukta moja, unaruka upande wa pili, unaacha lipoe, unarudi. Hili hata mtoto wa gereji wa mwezi wa kwanza analijua. Wao bati limejikunja, wakafunika na puti. Wiki ya tatu puti likapasuka. Nikachokonoa kwa ukucha likatoka bonge, nene kama kidole changu kidogo.

Nimekua nikiwaona mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wakinyoosha bodi kwa nyundo na kipande cha gogo, hawana mashine hata moja ya hawa jamaa. Lakini walikuwa wanavuta uzi, wanapiga chaki, wanaita mwenye gari aje aangalie kabla ya kukata. Hawa nimewalipa dola 1,400 na hakuna aliyenipigia simu.

Leo nimewarudia. Mwenye gereji ananiambia magari ya zamani ndivyo yalivyo, hayako sawa, na akitengeneza upya ni dola 900 nyingine. Nikamuonyesha nakala ya karatasi yangu. Akasema hakuiona. Fundi niliyempa alikuwa amesimama palepale, akaangalia chini.

Ile boneti ilikuwa ya asili ya gari, chuma cha 1970, haina kutu hata tundu. Ukishaikata imekatika.

Sitaki wanitengenezee tena, simwachii mtu yule gari. Nataka hela yangu na gharama ya boneti nyingine. Nina picha kabla ya kukatwa, nina risiti, nina nakala ya vipimo. Aliyewahi kudai gereji mahakama ya madai madogo hapa Texas anielekeze alianzia wapi. Na mwenye boneti bapa ya Chevelle ya 1970, au anayejua ilipo, aniandikie tafadhali, hata kama ipo jimbo lingine nitaifuata.