Tupeane uzoefu: Mamlaka ya kuasili watoto ilikuamulia nini?

Mwanzisha mada

Wanajukwaa, salaam. Naomba tuzungumzie chombo cha serikali kinachosimamia uasili wa watoto, yaani kumchukua mtoto wa mwingine na kuwa mzazi wake kisheria. Wengi tunakijua kama mahali pa kupeleka fomu, kumbe kinaweza kukukataa, kumfungia wakala anayeshughulikia uasili, kumzuia mtoto asivuke mpaka, hata kumwondoa kwako kabla mahakama haijatoa amri.

Sisi tulikuwa tumeshaonyeshwa mtoto kwenye makao fulani, mlezi akatuambia "huyu ni wenu". Afisa wa mamlaka alipopitia jalada akasimamisha kila kitu: hakukuwa na ushahidi wowote kwamba ndugu wa mtoto walitafutwa. Baadaye shangazi yake akapatikana, akamchukua. Nililia sana. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 21, unataka mamlaka ijiridhishe kuhusu wazazi na jamaa wa mtoto kabla ya kuruhusu uasili, na maslahi ya mtoto yatangulie yote. Afisa yule alimtetea mtoto, na namheshimu kwa hilo.

Nyie yaliwakuta yapi?

Mama wa Mbali

Pole sana ndugu yangu. Sisi tuliasili kutoka nchi nyingine, kwa utaratibu wa Mkataba wa Hague wa 1993, mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kila nchi mwanachama huwa na Mamlaka Kuu yake, yaani chombo cha kusimamia uasili huo. Ya kwetu ilituchunguza sisi, ya nchi ya mtoto ikaandaa taarifa zake, na mtoto hakabidhiwi mpaka pande zote mbili zikubali uasili uendelee.

Upande wa mtoto ulirudisha taarifa yetu kwa kuwa haikueleza vizuri maradhi ya mume wangu. Ikaandikwa upya. Ilichosha, lakini mwisho tulipewa cheti kwamba uasili ulifuata mkataba, na cheti hicho kinatambuliwa katika nchi zote wanachama. Kitunzeni kama mlivyotunza cheti cha ndoa.

Nilikuwa Ndani

Niliwahi kufanya kazi kwa wakala wa uasili. Wakaguzi wa mamlaka walikuja wakaomba vitabu vya hesabu, si mafaili ya watoto. Kila familia ilikuwa inalipa "mchango wa hiari" muda mfupi kabla ya kukabidhiwa mtoto. Hiari gani hiyo, wakati mtoto yuko mlangoni?

Kwa uasili wa nje ya nchi, mkataba wa Hague unaruhusu gharama halisi na ada za kitaalamu zinazoeleweka, basi. Wakala anayepewa kibali hatakiwi kufanya biashara ya faida, na serikali inamsimamia mpaka kwenye fedha. Kibali chetu kilisitishwa. Kati ya madaraka yote ya chombo hiki yanayotajwa hapa, haya ya kukagua hesabu ndiyo ninayoyaona muhimu kuliko yote, maana pesa ndiyo inayotengeneza yatima wa kwenye karatasi. Korea Kusini mwaka 2025 tume ya ukweli ilieleza jinsi watoto wenye wazazi walivyoandikwa yatima wakapelekwa nje, serikali ikishindwa kuwasimamia mawakala.

Binti wa Zamani

Mimi naongea kama mama mzazi. Walinisainisha karatasi nikiwa bado na mimba. Afisa alipoiona aliikataa palepale, akasema ridhaa ya mama haihesabiki kabla mtoto hajazaliwa. Baada ya kujifungua aliniita peke yangu, waliokuwa wananisukuma wakabaki nje. Akaniuliza kama kuna mtu ameniahidi pesa. Akanieleza kwamba nikisaini na amri ikatoka, kisheria sitakuwa mzazi wake tena. Hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo.

Sikusaini. Mwanangu ninaye.

Mwanzisha mada

Dada, asante kwa kutueleza. Je, mamlaka ikikukataa ndiyo basi?

Wakili Mtaani

Hapana. Mahali pengi chombo hiki kinachunguza na kupendekeza, lakini anayetoa amri ni jaji au hakimu. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize siku za kukata rufaa, maana zikipita umebanwa. Na usimfuate mama mzazi nyumbani kwake "kuelewana". Kwenye uasili wa kimataifa hilo limezuiwa mpaka masharti ya ridhaa na uchunguzi yatimie, isipokuwa mnapoasili ndani ya ukoo au mamlaka imeruhusu. Nimeona familia nzuri kabisa ikipoteza nafasi kwa ziara moja tu.

Mtoto Mwenyewe

Nimesoma yote. Mimi ndiye niliyeasiliwa, sasa ni mtu mzima.

Mkataba wa Hague unataka serikali itunze habari za asili ya mtoto, hasa wazazi wake ni nani na historia ya magonjwa, na impe nafasi ya kuziona kwa mwongozo, kadiri sheria ya nchi inavyoruhusu. Niliandika barua. Historia ya magonjwa niliipata, na daktari wangu ameitumia. Jina la mama walikataa kunipa moja kwa moja. Wakasema watamtafuta wao kwanza, wamuulize kama yuko tayari. Nasubiri jibu lake.

Kwenye jalada langu kuna kurasa zimeruka namba. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kuomba kurasa zilizokosekana, alianzia mamlaka au mahakamani?