Mtu akizeeka, mafuta ya chembe nyekundu za damu nayo yanabadilika?

Binti_Mzee: Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa. Baba yangu ana miaka 74, anachoka sana siku hizi, mtaani wanamwambia uzee umejaza mafuta ndani ya chembe nyekundu. Kolestro amepima iko sawa. Kuna ukweli? Maana kashaanza kutafutiwa dawa za kusafisha damu.

fundi_maabara: Dada hapo wamechanganya. Mafuta hayajai ndani ya chembe, ndo ukuta wake wenyewe, ule utando ni fosfolipidi (aina ya mafuta) na kolestro na protini basi. Halafu mzee ana miaka 74 ila chembe zake nyekundu nyingi hazifiki hata miezi mitano, zinaishi kama siku 120 hivi. Chembe yenyewe ndo inazeeka haraka, haina kiini wala mitokondria (vinu vya nishati vya seli), haiwezi kujitengenezea mafuta mapya, na ile oksijeni inayobeba inaharibu mafuta laini kama ya omega 3 kidogo kidogo, huku inamegeka vipovu vidogo inapoteza utando, inasinyaa inakuwa ngumu. Bandama ina vinyufa vyembamba kuliko chembe, iliyo changa inajikunja inapita, iliyochakaa inakwama. Na kuna fosfolipidi inaitwa fosfatidilserini, kawaida inakaa upande wa ndani, ikishatokeza nje tu makrofaji, yaani seli za kinga zinazokula uchafu, zinaimeza chembe nzima.

mama_shujaa: Hilo la kutokeza nje nalijua vizuri, mwanangu ana siko seli, kwao linatokea mapema mno, chembe zinaishi siku 10 mpaka 20 tu ndo maana damu iko chini kila mara. Hata damu ya benki inazeeka ikiwa kwenye friji, mwisho siku 35 au 42 kutegemea dawa iliyowekwa kwenye mfuko. Jamani mkiitwa kuchangia nendeni.

Binti_Mzee: Asanteni sana, kwa hiyo umri wa baba hauhusiki kabisa?

fundi_maabara: Unahusika kiasi, kinga ya mwili dhidi ya oksidesheni, yaani ule uharibifu wa oksijeni, inapungua na umri kwa hiyo utando unaharibika kirahisi zaidi. Ila chakula nacho kina nguvu, mafuta ya utando yanafuata mtu alichokula miezi ya karibuni, tangu 2004 kuna kipimo cha omega 3 ndani ya chembe nyekundu, asilimia 8 kwenda juu ndo nzuri, chini ya 4 ni ndogo. Mpe dagaa, vibua. Lakini uchovu usiusingizie mafuta, mpeleke wampime wingi wa damu, figo, sukari na tezi ya shingo, na hizo dawa za kusafisha damu msinunue kabisa.